Fundi anasema Linux imeniunguzia VGA

Shikamoo Mjomba,

Jumamosi hii natakiwa kuipeleka laptopu yangu kwa fundi abadilishe VGA, yaani kadi ya picha. Kabla sijaipeleka naomba unisikilize, maana hela yenyewe ni ya kukopa na moyo unasita.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, nakaa Tabata. Laptopu ni ya gemu, nimeinunua imetumika pale Kariakoo kwa 1,450,000. Kaka yangu aliyeko Mwanza alitoa laki nane, zilizobaki nilijichanga mwenyewe kwa kuchora ramani za nyumba za watu. Ina Core i5 ya kizazi cha 10, RAM 8, SSD ya 512 na kadi ya NVIDIA GTX 1650. Nachorea Blender, na usiku mimi na mdogo wangu tunacheza GTA V na FC 24.

Windows niliyoikuta ndani ilikuwa nzito na kila siku inakula bando kwa apdeti. Mwenzangu mmoja chuoni akaniambia weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, utaipenda. Nikaiweka kwa flashi pembeni ya Windows bila kufuta chochote. Kuiweka kulikwenda vizuri, ila nilipowasha nikapata kioo cheusi, na kistari kimoja kinawakawaka kule juu kushoto. Nilikaa nacho karibu saa mbili. Kesho yake yule mwenzangu akaja, akaingia kwenye menyu ya mwanzo, akaandika neno nomodeset, ikawaka. Akaliandika moja kwa moja ili lisinisumbue tena.

Nikafungua Driver Manager nikaweka draiva ya NVIDIA, programu ya kuiendesha kadi. Katikati ikaniomba nitunge neno la siri, nikatunga. Nilipowasha upya ikaja skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza. Nikadhani ni ile bluu ya Windows ikiharibika, nikaogopa, sikugusa kitu. Baada ya muda mfupi ikaondoka yenyewe na Mint ikafunguka.

Tangu siku hiyo sina raha. Feni zinavuma hata nikiwa naandika tu. Vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga havifanyi kazi. Chaji iliyokuwa inakaa saa tatu sasa inakaa moja. Blender nikizungusha mchoro inakwenda kwa kushtukashtuka, GTA haifunguki kabisa. Nikichomeka HDMI kwenye TV, TV inasema hakuna kitu. Hata Windows nayo imeanza: saa yake inarudi nyuma kwa saa tatu. Nikiwa nayo saa mbili usiku inaandika 17:00. Na lile diski D lenye magemu, nikiwa Linux nalifungua lakini halikubali kuhifadhi kitu.

Fundi aliwasha Linux, akachomeka HDMI, akaona TV haipokei, akasema Linux imeunguza VGA, na hiyo saa kurudi nyuma ni dalili bodi nayo inakufa. Anataka 350,000 na atanirudishia Windows. Windows sijajaribu kucheza gemu tena, naogopa kuimalizia.

Mjomba, ni kweli Linux inaweza kuunguza kadi? Nilipe? Na kaka nimwambie nini? Pia niwe mkweli, Kiingereza cha zile jumbe kinanipita, ndiyo maana nafunga tu.

Mpwa wako,
Tabata

*

Marahaba, mpwa wangu.

Jumamosi usiipeleke. Hilo nimelitanguliza kwa sababu kwenye laptopu kama yako kadi ya GTX 1650 haichomolewi kama RAM. Chipu yake imechomelewa kwenye bodi. Anayesema atakubadilishia VGA anamaanisha atapasha bodi moto mpaka risasi iyeyuke, aing'oe chipu na kuweka nyingine. Kazi hiyo ikifanyika kwenye bodi nzima, bodi inaweza kutoka mbovu. Na mimi kwa jinsi ulivyoandika, bodi yako naiona nzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna mambo mawili umeyapita haraka, na ndiyo yenye ugonjwa wote: neno ambalo mwenzako aliliandika moja kwa moja, na ile skrini ya bluu uliyoiacha ikaondoka yenyewe. Saa tatu za Windows na diski D ni mambo mengine kabisa, nitayafikia.

Ndani ya laptopu yako mna kadi mbili za picha. Moja ni ya Intel, imo ndani ya prosesa, inakula umeme kidogo na ndiyo inayotakiwa kuchora dirisha na maandishi unapoandika. Ya pili ni NVIDIA, yenye nguvu, inayotakiwa kuamka ukifungua gemu au Blender. Kila moja inahitaji draiva yake ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Ulipoiweka Mint mara ya kwanza, NVIDIA ilipewa draiva inayoitwa nouveau. Hiyo iliandikwa kwa miaka mingi na watu wa kujitolea walioichunguza kadi kutoka nje, bila NVIDIA kuwapa michoro ya ndani. NVIDIA wenyewe walianza kuweka wazi msimbo wa draiva yao upande wa kerneli mwezi Mei 2022. Kwenye laptopu zenye kadi mbili, nouveau mara kwa mara hukwama pale skrini inapotakiwa kuwaka. Kile kistari chako kilichowakawaka juu kushoto ndicho hicho. Kompyuta ilikuwa hai muda wote, ila ilikuwa haina wa kuchora.

Mwenzako alikusaidia vizuri, na neno lake ni sahihi kwa usiku ule. nomodeset inaiambia kerneli: draiva za kadi zisiiguse skrini, tumia picha ile ile iliyoachwa na BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashine, wakati wa kuwaka. Kioo kinarudi, unaingia, unaweka draiva ya kweli, kisha neno hilo unaliondoa. Ni kama gurudumu la akiba, linakutoa njiani mpaka kwa fundi wa matairi. Wewe umesafiri nalo siku zote hizi. Kwa kuwa lipo bado, hata kadi ya Intel imezuiwa, na kila dirisha unalolisogeza linachorwa na prosesa kwa mkono, nukta kwa nukta. Hapo ndipo zinatoka feni zinazovuma, chaji inayokwisha kwa saa moja, na vitufe vya mwanga visivyosikia, maana anayepokea amri ya mwanga ni draiva ya Intel. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `inxi -G`. Tafuta neno renderer. Ukiona limefuatiwa na llvmpipe, basi hilo ni jina la programu inayoifanyisha prosesa kazi ya kadi.

Sasa skrini ya bluu. Laptopu yako ina kinga inayoitwa Secure Boot. Haikubali kitu chochote kuingia kwenye kerneli kama hakina sahihi ya ufunguo inaoufahamu. Draiva ya NVIDIA ilipojengwa ndani ya mashine yako, Mint ilitengeneza ufunguo, ikaitia sahihi, na ikakuomba utunge neno la siri. Kisha ukiwasha upya, kabla Linux haijaanza, programu ndogo ya kuwashia inamuuliza mwenye mashine akiwa mbele yake: huu ufunguo mpya ni wako kweli? Swali hilo ndilo lile la bluu. Lina sekunde 10 tu. Usipobonyeza kitu linaondoka, ufunguo unaachwa nje, na draiva inakaa kwenye diski bila kuruhusiwa kuingia. Wakati huo huo, kuiweka draiva ya NVIDIA kulishaifungia nouveau isipakiwe. Kwa hiyo kadi yako haina draiva wa zamani wala mpya. Daladala ipo stendi, tangi limejaa, dereva amezuiwa getini kwa sababu hana kitambulisho.

Na HDMI? Kwenye laptopu nyingi za gemu tundu hilo limeunganishwa na NVIDIA. Lakini hata yako ingeunganishwa na Intel, TV ingebaki gizani vile vile, kwa kuwa kadi zote mbili zimelala. Fundi aliona dalili ya kweli, ila alikosea chanzo chake.

Linux kuunguza kadi ambayo haijaweza hata kuiamsha, hapana. Isitoshe, kinga ya joto ya kadi hizi imo ndani ya chipu yenyewe: joto likizidi inapunguza kasi, likizidi zaidi inazima, mfumo uwe wowote.

Usinikubali kwa maneno, tupime. Kwanza washa Windows, fungua GTA, cheza dakika kumi. Huimalizii kitu. Ikicheza kama zamani, VGA iko hai na 350,000 yako imepona. Ukimaliza chagua Restart, usichague Shut down, sababu nitaieleza kwenye diski D.

Ukirudi Mint, fungua terminali, andika:

`lspci -k | grep -A 3 -iE "vga|3d"`

Italeta mafungu mawili, la Intel na la NVIDIA. Jina la NVIDIA likionekana pale, maana yake bodi inaiona kadi na kadi inajitambulisha. Chini ya kila fungu huwa panakuwa na mstari Kernel driver in use, yaani draiva inayoiendesha sasa hivi. Natarajia chini ya NVIDIA mstari huo usiwepo kabisa, na uone tu Kernel modules, yaani orodha ya draiva zinazoweza kuiendesha lakini hazipo kazini. Sasa jaribu kuiingiza kwa nguvu:

`sudo modprobe nvidia`

Itaomba neno lako la siri. Ukiliandika hutaona nyota wala nukta, kioo kitakaa kimya kana kwamba hubonyezi. Ndivyo ilivyo, andika mpaka mwisho, bonyeza Enter. Nategemea ijibu: Key was rejected by service. Ufunguo umekataliwa. Maneno matano hayo ndiyo ugonjwa wako wote, na yamekuwa yakikusubiri humo tangu siku ile.

Ukiyaona, rudia ombi la ufunguo:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba utunge neno la siri na kulirudia. Weka tarakimu nane tu, ziandike kwenye karatasi. Tarakimu kwa sababu kwenye ile bluu kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Marekani, alama kama @ zinaweza kuhama mahali. Neno hili linatumika mara moja tu, halihusiani na la kuingilia Mint. Washa upya, ukae mbele ya kioo, usiende kuchota maji. Ikija bluu bonyeza kitufe chochote ndani ya zile sekunde 10. Menyu itakayokuja ina Continue boot juu kabisa, na mkono una haraka ya kubonyeza Enter hapo. Usibonyeze. Shuka kwa mshale mpaka Enroll MOK, Enter. Kisha Continue, kisha Yes, andika zile tarakimu nane, malizia na Reboot.

Mint ikifunguka andika `nvidia-smi`. Ukiona jedwali lenye jina la kadi yako, joto lake na kiasi cha kumbukumbu inachotumia, dereva ameketi kwenye usukani.

Hapo ndipo, na si kabla, unaliondoa nomodeset. Tunza kwanza nakala ya faili: `sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani`. Kisha `sudo nano /etc/default/grub`. Tafuta mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Ndani ya alama za nukuu futa nomodeset pekee, yaliyobaki yaache kama yalivyo. Ctrl na O, Enter, kisha Ctrl na X kutoka. Malizia na `sudo update-grub`, washa upya. Kioo kikirudi kuwa cheusi, usitetemeke: mashine inapowaka bonyeza Esc au ushike Shift mpaka menyu itokee, bonyeza e, kwenye mstari unaoanza na neno linux nenda mwisho wake uandike nomodeset, bonyeza F10. Ukiliandika hapo linakaa safari hiyo moja tu, na hivyo ndivyo lilivyotakiwa kutumika tangu mwanzo.

Mtu atakuambia njia ya mkato, zima Secure Boot kwenye BIOS, ufunguo hautaulizwa tena. Ni kweli draiva itaingia. Lakini kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, na nyingi siku hizi zinakuja zimefungwa bila mwenyewe kujua, kubadilisha Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Laptopu umeinunua mkononi mwa mtu, ufunguo huo huenda uko kwenye akaunti ya mwenye nayo wa zamani. Sipendi ufike huko na michoro ya wateja wako imo ndani.

Kuhusu saa, bodi yako haifi. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata mashine ikizimwa. Linux huiweka kwenye saa ya dunia, UTC, halafu yenyewe inaongeza saa za hapa. Windows inaamini saa hiyo ndogo tayari ni ya hapa, haiongezi kitu. Dar es Salaam iko mbele ya UTC kwa saa tatu kamili, ndiyo maana saa mbili usiku yako ikasomeka 17:00. Betri ya bodi ikichoka saa hupotea ovyo, na mara nyingi hurudi mwaka wa nyuma. Haikosei kwa saa tatu barabara kila siku. Andika `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha Windows irekebishe saa mara moja, imekwisha. Linux itakuonya kwamba mpangilio huo unaleta shida kwenye nchi zinazosogeza saa majira yakibadilika. Tanzania hatusogezi saa, kwa hiyo onyo hilo halikuhusu.

Diski D linakataa kwa sababu Windows ukiizima kwa Shut down haizimiki kamili. Inalala nusu ili iamke haraka, na inaacha diski kana kwamba bado inalishikilia. Linux ikiona hivyo inakuruhusu kusoma tu, isije ikaharibu vitu. Restart huwa inazima kweli, ndiyo maana nimekuambia uchague hiyo. Dawa ya kudumu: ndani ya Windows fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`.

Sasa magemu, na hapa lazima niwe mkweli kwako na kwa mdogo wako. Tangu 2018 Steam, duka la magemu la mtandaoni, ina kitu kinaitwa Proton, kinachoyafanya magemu yaliyotengenezwa kwa Windows yacheze kwenye Linux. Ukienda Settings, Compatibility, hakikisha Steam Play imewashwa kwa magemu yote. GTA V ya hadithi itacheza. Ya mtandaoni haitacheza, kwa kuwa Septemba 2024 watengenezaji wake waliongeza kinga dhidi ya wadanganyifu na hawakuifungulia Linux. FC 24 nayo ina kinga ya watengenezaji wake, EA, inayotaka kukaa ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo usipoteze usiku wako kutafuta ujanja, mpira mtauchezea Windows. Ndiyo faida ya kutoifuta. Ungenieleza kabla kwamba FC ndiyo mnayocheza kila usiku, ningekuambia mapema uendelee na mifumo yote miwili bila kuona haya.

Usipakue GTA upya, bando litaisha na wiki haijaanza. Kama umeinunua Steam, nakili folda yake kutoka diski D, ndani ya steamapps/common, uiweke kwenye steamapps/common ya Steam ya Linux. Kisha bonyeza Install kama kawaida. Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na itashusha yale tu yaliyopungua. Usiichezee moja kwa moja kutoka D, Proton na diski la mtindo wa Windows hawaelewani vizuri. Ukifungua gemu ikawa nzito ujue imeamka na Intel. Kwenye Steam bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, kwenye Launch Options bandika `__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%`. Blender ni rahisi zaidi: kwenye menyu ya Mint ibonyeze kwa kulia utaona chaguo la kuifungua kwa NVIDIA.

Umeniambia Kiingereza cha jumbe kinakupita ndiyo maana unafunga. Nimelifikiria hilo kuliko yote uliyoandika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Nakumbuka ilivyonigusa kuona "Hifadhi" na "Fungua" vimeandikwa kwa lugha ya nyumbani. Lakini jumbe za kerneli bado ni za Kiingereza, na hutakiwi kukijua chote. Ni maneno machache yanayojirudia: failed, imeshindikana, rejected, imekataliwa, not found, haipo, permission denied, huna ruhusa. Usifunge ujumbe kabla hujaupiga picha kwa simu. Ungekuwa na picha ya ile bluu, mwenzako angekutatulia jioni ile ile.

Jambo la mwisho la kiufundi. Apdeti ikija na kerneli mpya, siku moja inaweza kutokea kioo kikagoma tena. Usikimbilie kupiga upya kila kitu. Kwenye menyu ya mwanzo ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani, fanya kazi zako, ya mpya utaishughulikia ukitulia. Na leo hii, kabla hujagusa lolote nililoandika, fungua Timeshift iliyomo ndani ya Mint uchukue nakala ya mfumo.

Fundi wako usimgombeze. Anaona laptopu kumi za Windows kwa siku, ya Linux huenda ni ya kwanza, na alichokiona kwenye TV kilifanana na kadi iliyokufa. Mrudie kwa kazi nyingine anayoiweza: laptopu imetumika, na vumbi la Dar limeshakaa humo, mpe asafishe feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la chipu. Hela ya kukopa irudishe ulikoitoa. Kaka yako mwambie ilivyo, kwamba laptopu aliyokuchangia ni nzima na kulikuwa na swali moja hukulijibu.

`nvidia-smi` ikishaleta jedwali, cheza GTA nusu saa laptopu ikiwa mezani, si kitandani, kisha uiandike tena amri hiyo. Niandikie namba utakayoiona chini ya Temp. Kwa joto la Tabata, nataka kuijua kabla hujapokea kazi kubwa ya mteja.

Mjomba wako